Matope ya Suam

Aibu hii bado inanichoma, na bado inanichekesha. Mimi ni katibu wa chama cha wafanyabiashara hapa Kitale. Siku hiyo tulimngoja Mkuu wa Wilaya mpya, tumwombe atutengenezee barabara ya Suam. Sakafu ya ukumbi nilikuwa nimeipiga deki ikang'aa kama asubuhi.

Akaingia mzee mmoja, matope hadi magotini.

“Mzee, acha viatu nje. Tunangoja mkubwa.”

“Nimetoka Suam. Barabara imenimaliza.”

“Basi kaa nyuma. Akikuuliza, mwonyeshe hiyo miguu.”

Akatii.

Mwenyekiti wetu, aliyemjua mgeni kwa sura, alifika na kumkaribisha azungumze. Nikakimbilia mlangoni kupokea gari la mkubwa. Ukumbi ukacheka. Kugeuka, yule mzee yuko mbele, miguu mitupu.

“Barabara nimeiona, mtatengenezewa. Lakini katibu, si unirudishie viatu kwanza.”