Neno la Michi Miwili

Mwaka wangu wa kwanza chuoni hapa Morogoro nilichekwa na darasa zima. Nilikuwa nimesimama kueleza jinsi jani linavyotumia mwanga wa jua kujipatia nguvu, nikafika kwenye neno lake la Kiingereza, fotofosforileishen, nikakwama katikati. Nikarudia, nikakwama palepale. Aliyeanza kucheka ni msichana niliyekaa naye benchi moja. Mhadhiri akaniambia nitarudia baada ya likizo, la sivyo alama sina.

Mimi nikinuna, nimenuna. Tangu siku ile hata wali wa mgahawani nilikula nimegeukia ukuta. Sikumwambia mtu, maana mtu wa kumwambia sikuwa naye.

Likizo nikapanda Matombo kwa mama. Nyumbani tuko wawili tu. Siku ya pili tulikuwa uani tunatwanga mpunga, michi miwili kinu kimoja, wangu ukipanda wake unashuka, nami nalirudia lile neno chinichini.

"Unamtukana nani?" akauliza.

Nikamweleza yote, mpaka kile kicheko. Mama hajui Kiingereza hata cha salamu.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," akasema. "Likate hilo neno. Kila mchi na kipande chake."

Likatoka vipande saba. Mimi *fo*, yeye *to*, mimi *fos*, yeye *fo*, mimi *ri*, yeye *lei*, mimi *shen*. Nilimwambia kwamba uzito wote wa neno unaangukia kwenye *lei*. Basi zamu hiyo ikifika, anashusha mchi kwa nguvu mpaka mpunga unaruka nje na kuku wanaugombania. Tulicheka hadi tukashindwa kutwanga. Likizo nzima ikawa hivyo, na sikumbuki kama nilinuna hata siku moja.

Siku ya kurudia nikasimama mbele ya darasa, vidole vimekunjwa kama vimeshika mchi. Nikasema *fo*, nikasubiri. Nilisubiri kweli, kama mjinga. Kisha nikaisema *to* mwenyewe, nikaendelea taratibu, na kwenye *lei* nikakanyaga sakafu. Nikafika mwisho.

Hakuna aliyecheka. Mhadhiri akaandika alama, akaita mwingine. Msichana wa benchi langu alikuwa anachezea simu. Nilikuwa na furaha tele, na nikatoka nayo peke yangu mpaka chumbani.

Jioni nikapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Enhe, neno?"

"Nimelisema lote, mama. Sikukwama."

Alipiga vigelegele mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio. Halafu akauliza:

"Na vipande vyangu, alivisema nani?"

"Nilivisema mwenyewe, mama."

"Haya," akasema. "Hata mimi leo nimetwanga mwenyewe."