Mtamba wa Ami na Fahali wa Barka

Ami yangu alikuja kwenye kliniki yangu ya mifugo Al Khoudh, kanzu yake ya dishdasha imenyooshwa, kilemba kimekaa sawa, na uso wa mtu aliyekwishaamua. Alitaka nimtie mtamba wake kidonge cha homoni, kile kinachopachikwa chini ya ngozi ya sikio ili mnyama akue haraka. Alikuwa amekiona kwenye simu.

"Si kinapanua nyonga?" akaniuliza. "Basi mtie, mwanangu, azae kwa salama."

Mtamba yule hajapata kuzaa, na mimba yake ilikuwa imeshakuwa kubwa. Ni ng'ombe wetu wa kienyeji, mwembamba wa nyuma. Ami alimlea kwa chupa tangu mama yake alipokufa akimzaa. Wenziwe huchinjwa Idi zinapofika, yeye haguswi. Hapo ungedhani angemtafutia dume dogo, la kistaarabu. Wapi! Akampandishia fahali wa jirani, yule anayepiganishwa na mafahali wenziwe uwanjani Barka siku za Ijumaa, kifua kama kabati, kwa sababu alitaka ndama atakayekuja kuangusha madume ya watu.

Nilimweleza polepole, maana ami hapendi kusomeshwa na mtoto aliyempakata mwenyewe. Kidonge kile hupachikwa ndama jike angali ananyonya. Nyonga hutanuka kidogo mwanzoni, lakini ikifika siku ya kuzaa tofauti hiyo karibu yote imeshapotea. Kwa mwenye mimba hakifungui njia, na huenda kikamdhuru. Cha maana ni kuchagua dume linalozalisha ndama wadogo, na hilo lilikwishatupita.

"Miaka yote ile chuoni," akasema, "na unachonambia ni la?"

"Nnakwambia kweli, ami. Mpunguzie tende unazomlisha, asinenepe. Na akianza uchungu usingoje, nipigie."

Aliondoka bila kunywa kahawa. Kwetu hilo ni tusi, nami liliniuma khasa, kwa sababu nilijua hasira ile ni hofu.

Wiki chache baadaye alinipigia, baada ya sala ya adhuhuri: uchungu umeanza. Nilipofika shambani, miguu ya mbele ya ndama ilikuwa imeshatoka, minene, na kichwa kimekwama. Nilipaka mafuta, nikafunga kamba kila mguu, juu ya vifundo, ami akashika moja na mimi nyingine. Mtamba akisukuma tunavuta, akipumzika tunalegeza. Jasho lilimtiririka ami mpaka ndevuni, na dua yake haikuwa ya ndama. "Niachie huyu, ya Rabbi," alikuwa akisema. "Niachie huyu tu."

Ndama alitoka amekufa. Dume, paji pana kama la baba yake. Niliogopa kumtazama ami usoni, lakini yeye hata hakuwa akimwangalia ndama. Alikuwa amekaa kwenye majani makavu, dishdasha yote damu, kichwa cha mtamba mapajani, anamfuta macho kwa kilemba chake. Tulikaa hivyo muda mrefu, mpaka mtamba akajiinua, miguu ya nyuma inamtetemeka, akanywa ndoo nzima ya maji. Nililia, na sikujificha.

Jirani mwenye fahali akasimama kwenye geti, anacheka kabla hajajua.

"Enhe! Dume?"

"Mama yake yu hai," akajibu ami, bila kugeuka. "Mama yake yu hai."