Maua ya Kahawa Ukutani kwa Mama

Enzi zetu, mtoto aliyejua jambo alijua pia pa kulisemea. Nasema hivi nikiwa na hasira na mdogo wangu Festo, na sizifichi.

Pale kwetu Iyula, sebuleni kulikuwa na picha moja tu, ya kuchorwa kwa mkono, aliyopewa baba na mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Nyumba ndogo inatoa moshi, watu wamebeba kuni mgongoni, na kila mahali, paa, miti, njia, weupe mtupu. Tuliujua weupe ule. Kahawa ikichanua, shamba zima huwa hivyo hivyo, na harufu yake ilitufuata mpaka shuleni. Mama alikuwa akichambua maharage chini ya picha hiyo, anawatazama, anacheka. "Hawa mwaka huu watavuna mpaka wachoke." Nasi tulicheka naye, viazi vya moto vikituunguza ndimi.

Kisha mwalimu akatufundisha habari za theluji. Nilikimbia nyumbani kumsahihisha mama, ila mlangoni nikamkuta baba, nikamweleza yeye kwanza. Akanishika sikio. "Hilo ulilojifunza liache hapa nje. Mama yako anayapenda maua yake." Nikaliacha. Wadogo zangu nao walipofika darasa lile, wakaliacha.

Sasa baba hayupo, na mama anaishi Tunduma kwa Festo, honi za malori mchana kutwa. Alichoomba kuhama nacho ni picha yake tu. Juzi nimekwenda kumsalimia, ukutani nikakuta televisheni kubwa kama mlango. Picha iko stoo, nyuma ya ndoo za rangi, eti haiendani na dari la jipsamu!

"Maua yangu yako wapi?" mama akauliza.

Festo hakuinua hata macho kwenye simu. "Mama nawe, yale si maua. Ni theluji. Baridi tupu, hapaoti kitu pale."

Nilitamani kumzaba kofi. Sisi sote, naye akiwemo, tuliitunza furaha ya mama tukiwa na makamasi puani. Leo ana digrii, na kunyamaza tu kumemshinda.

Mama alikunjakunja pindo la kitenge chake. "Kumbe miaka yote walikuwa wanaumia na baridi," akasema, "na mimi nawachekea."

Jioni ile niliitundika picha chumbani kwake. Asubuhi nikakuta ameigeuza, imetazama ukuta. Anasema hawezi kunywa chai ya moto mbele ya watu wanaotetemeka.