Sidi na Mchele wa Sakafuni

Saa tisa alasiri, lori la mwisho linatoka katika godauni moja la Shimanzi na kuacha vumbi la mchele mlangoni. Sidi Mung'aro ameegemea ufagio wake, akihema. Wafagiaji wenzake wameshainama kuokota punje zilizomwagika. Yeye hainami.

Ni desturi ya hapa: kinachomwagika makuli wakibeba ni halali ya wafagiaji. Kwa kibarua cha shilingi mia nne kwa siku, punje hizo ndizo chakula cha jioni. Ila gunia laweza kusaidiwa kumwagika. Bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchukulia sampuli, huachwa karibu, na kulichoma gunia mara moja kwatosha.

"Nimechoma miaka mingi," anasema mama huyu wa Kibarani, macho yake yakiwa sakafuni. "Nilipookoka nikaacha. Nikadhani yamekwisha."

Hayakwisha. Mwezi uliopita, nyumbani hakuna unga, alichoma tena. Jumapili iliyofuata mkate na kikombe cha Meza ya Bwana vilipomfikia, aliviacha vipite. Moyo haukutulia mpaka alipomwendea Zoher, mwenye mali, akaungama.

Zoher hakumfukuza. Aliamua tu kwamba Sidi afagie, lakini asiokote hata punje. Wenzake hawakuguswa, kwa kuwa alikataa kumtaja yeyote. Adhabu hiyo yaonekana nyepesi kwa asiyefagia.

"Wajitesa bure, dada," anasema Mwanakuu, mfagiaji mwenzake, huku akipepeta. "Ungelinyamaza, nani angelijua?"

"Mimi ningelijua, mwenzangu. Nami nimechoka. Nilidhani nikiungama, hamu itaondoka. Bado ipo. Kila asubuhi naikuta imeshafika kazini kabla yangu."

Kanisani wanampongeza kwa ushindi. Yeye huona haya tele, maana haujui huo ushindi wanaousema.

Jumapili hii amekusudia kushiriki Meza ya Bwana tena. Anaitamani siku hiyo, na inamtisha inayofuata.

"Jumapili nitaiweza. Jumatatu ndiyo naiogopa," anasema, kisha anamgeukia mwenzake. "Ukiniona nimesimama peke yangu kwenye magunia, usinihubirie. Niite jina tu."

Mwanakuu anafunga mchele wake kwenye pembe ya leso. Anakawia kidogo kwenye fundo.

"Nitakuita," anasema. "Na mimi uniite."