Vitundu vya sari ya Bi Shirini

Nimejifungia chooni.

Leo hapa Mji wa Kale kulikuwa na maonyesho ya nguo za zamani zilizoshonwa upya. Jirani yangu Bi Shirini alikuwa amenipa sari aliyoifuma marehemu mamake kwa mkono huko Uhindini, niigeuze gauni.

Upindo ulikuwa na vitundu vidogo vidogo. Mimi, fundi mzima, nikadhani vimetobolewa na nondo. Nikaukata wote, nikautupa.

Msichana alipopita jukwaani na gauni, makofi! Aliposhuka, Bi Shirini akaushika upindo wa gauni, akapapasa.

"Mwanangu, vitundu viko wapi? Ni alama za sindano zilizokishika kitambaa kwenye mtambo wa kufumia wa mamangu. Huvipapasa nikimkumbuka."

Nikakimbia.

Sasa anabisha mlango, polepole.

Jamani, nimwambie nini? Gari la taka lilipita asubuhi.