Aliyemfungua Mtoto

Kabla hajashika sindano, Mama Uzi alifunga uzi kwenye kidole gumba cha mguu wake wa kushoto. Ndivyo alivyoanza kazi tangu alipozaa mara ya kwanza, na hakuacha hata pale ncha ya pili ilipokuwa haina tena mtu wa kuifunga. Wanaomwona siku hizi huko kwa kaka yake wanasema bado anaufunga, kisha anafuma mpaka jua lizame bila kumtazama mtu.

Zamani ncha ile ya pili ilikaa kiunoni mwa mtoto. Mama Uzi alifuma vitambaa vya makochi na vya meza, vile vyeupe vyenye maua, na maua hayo yanataka kuhesabiwa tundu kwa tundu. Ukiinua macho umepotea, na ukipotea unafumua. Sasa mtu mwenye watoto wawili wadogo, mume yuko mbali akisimika nguzo za umeme, na mlango wa ua unaotokea barabarani haufungiki vizuri, atainua macho mara ngapi? Ndipo akajitengenezea jicho la mguuni. Mtoto akicheza uani, uzi ulicheza kidoleni. Ukitulia sana aliuvuta mara mbili, na kule nje mtoto akacheka, naye akavuta. Ukikaza, basi mtoto amefika mwisho wa himaya yake.

"Mwenzetu anafuga," majirani walimtania wakipita na ndoo zao. "Huyo mbuzi anauzwa?"

"Anauzwa," akajibu bila kuinua macho. "Ila anakula kuliko mnunuzi."

Mbuzi mwenyewe alikuwa kitinda mimba wake, mvulana wa mwaka na nusu aliyeitwa Bwana Tumbo, kwa sababu tumbo ndilo lililotangulia kuingia kila mahali. Dada yake alikuwa na miaka mitano, jina la nyumbani Bibi Mdogo, maana alizungumza kama aliyekwisha kulea wajukuu. Nyumbani humo aliishi pia mdogo wa mume, msichana aliyekuwa akisoma chuo cha ualimu. Watoto walimwita Shangazi. Yeye na Mama Uzi waliitana wifi, wakagombania sabuni, wakacheka mambo ambayo mume mwenyewe hakuambiwa.

Siku yenyewe ilikuwa ya mawingu. Shangazi alikuwa chumbani akipiga pasi, dirisha wazi. Mama Uzi alikuwa nje chini ya dirisha hilo, mgongo ukutani, akimalizia shuka la bibi harusi ambalo mwenyewe alikuwa akilisubiri jioni. Watoto walikuwa nyuma ya jiko, wasikoonekana. Uzi ulicheza. Akauvuta mara mbili, nao ukavutwa.

"Leo Bwana Tumbo ana shughuli nyingi," alisema.

"Anajenga nini huko?"

"Sijui. Ila hapumziki hata kidogo."

Matone ya kwanza yalipoanguka, akaanza kuukunja uzi mkononi ili amlete mtoto ndani, kama kawaida yake, huku akimwimbia. Uzi ulikuja kwa ubishi. Kwenye kona ya jiko akatokea kuku, mguu mmoja umefungwa, anapiga mabawa na kulalama.

Bibi Mdogo akaja nyuma yake, magoti yamejaa vumbi. "Usimvute hivyo, mama. Ataumia."

"Kaka yako yuko wapi?"

"Nimemfungua. Alikuwa analia, uzi unambana. Nikamfunga kuku, ili usibaki peke yako."

"Amekwenda wapi?"

Mtoto akaelekeza kidole mlango wa ua.

Mvua ilishuka wakiwa tayari barabarani, Shangazi akielekea juu kwenye maduka, Mama Uzi akielekea chini. Shangazi aliinama chini ya kila gari lililosimama. Waliojikinga vibarazani walimuuliza mtoto mwenyewe amevaa nini, na yeye, aliyekuwa ametoka kupiga pasi nguo za nyumba nzima, hakukumbuka hata rangi. Aliporudi alimkuta wifi yake akifunua mapipa ya maji ya watu bila kupiga hodi, anatia mkono mpaka begani, anatoa, anakwenda pipa jingine. Mtaro wa kando ya barabara, ambao asubuhi mtu angeuruka bila kupandisha nguo, ulikuwa ukibeba viatu na makopo kwa mbio.

Kinyozi ndiye aliyemwona, maji yalipopungua, chini ya ubao wa kuvukia mbele ya kibanda chake. Alimtoa mwenyewe. Alimfunika kwa kile kitambaa anachowafunga wateja shingoni, akamleta hivyo mpaka nyumbani, na hakutaka mtu ampokee njiani.

Nyumba ikajaa. Wanawake walikuwa wamemzunguka Mama Uzi mkekani, wamemshika mabega, alipoinuka ghafla akatoka nje. Akaanza kumfukuza kuku. Alimfukuza uani kote, akateleza kwenye tope akaanguka, akainuka, akaanguka tena, kuku akipita huku na huku na kipande cha uzi mweupe kikiburuta nyuma yake.

"Mshikeni! Akili imemruka!"

"Maskini, mwacheni, ni uchungu huo."

Alimbana kwenye kona ya bafu, akaukata uzi kwa meno, akautia kifuani, akamwachia kuku aende. Kisha akarudi mkekani na tope lake na kukaa. Shangazi aliyaona yote akiwa mlangoni, na ndipo alipoelewa kwamba wifi yake anamficha binti. Siri ya mtungi aijuaye kata, na nyumba ile ilikuwa na kata moja tu: yeye.

Walipokwisha kuzika, asubuhi moja Shangazi alikwenda nyuma ya jiko kuanika, akasikia maji. Mama Uzi alikuwa akimwogesha binti yake kwenye beseni.

"Nani alimfungua kaka?"

"Mimi."

"Hapana. Wewe ulimkuta amefunguliwa. Ukamfunga kuku kwa mchezo tu. Nani alimfungua kaka?"

"Mama."

"Kwa nini?"

"Alikuwa anasumbua."

"Haya. Lete na mguu huu."

Shangazi alisubiri mpaka mtoto akaingia ndani kuvaa.

"Wifi, unafanya nini? Kaka yangu anarudi, mama yetu anakuja naye. Watauliza. Sema ukweli, ni mtoto, nani atamlaumu mtoto?"

"Leo hakuna." Alikuwa akimwaga maji ya beseni taratibu, kama anayeogopa kuamsha mtu. "Atafika miaka kumi, mwenzake mmoja atamtupia hilo neno wakigombania kamba. Ataolewa, mume atalitoa siku ya hasira. Atazaa, kila akimtazama mwanawe. Mimi ni mtu mzima, nimekwisha kukua. Yeye ataanza kubeba sasa, atatua lini?"

"Watakufukuza."

"Wafukuze."

"Kweli hilo unalimudu?"

Mama Uzi aliligeuza beseni, akaliegemeza ukutani.

Kikao kilikuwa cha watu wachache: mume, mama yake na Shangazi. Mume alikuwa amekonda kwa siku chache kama aliyeugua mwaka. Hakupaza sauti.

"Ulijua mlango wa ua haufungiki."

"Nilijua."

"Na ukamfungua."

"Alikuwa ananivutavuta. Nilitaka nimalize shuka."

"Kwa ajili ya kitambaa," alisema mume. Akalirudia tena, kwa sauti ndogo zaidi, kama mtu anayejaribu neno la lugha asiyoijua.

Mama mkwe hakuridhika. "Mimi huyu simwamini hata kwa ubaya wake. Njoo hapa, mjukuu wangu. Usiogope. Nani alimfungua kaka yako?"

Bibi Mdogo alimtazama mama yake. "Mama. Alikuwa anasumbua."

Kisha akaendelea kumtazama, kama mtoto aliyesoma somo mbele ya darasa na anataka kujua kama amepatia. Mama Uzi akamtikisia kichwa kidogo: vyema.

"Basi," alisema mama mkwe. "Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, lakini wewe hukuchelea chochote. Nenda kwenu. Na huyu aliyebaki utamwacha hapa. Mikono yako imeshindwa mmoja, hatukupi wa pili."

Hilo Mama Uzi hakuwa amelihesabu. Alikuwa amejiandaa kupoteza mume na nyumba, na jina lake pia, lakini kwa mawazo yake binti alikuwa ubavuni mwake siku zote. Uso wake ulibadilika. Alimgeukia mumewe, mumewe akatazama sakafu. Akafungua mdomo, na Shangazi aliuona ukweli ukifika mpaka kwenye meno: neno moja tu, na mtoto angekuwa wake tena, lakini binti huyo angeondoka amebeba maiti ya kaka yake maisha yote. Shangazi alijikuta anaomba alitamke. Akajikuta anaomba asilitamke.

Mdomo ukafungwa.

"Sawa, mama," alisema.

Alipoondoka, Bibi Mdogo alikuwa ametumwa dukani na bibi yake ili asione. Shangazi alimbebea wifi yake mfuko mpaka barabarani. Walipita kibanda cha kinyozi, naye kinyozi akazima mashine yake mpaka walipopita.

"Niseme, wifi? Bado hujafika mbali. Nirudi niseme?"

Mama Uzi alimpokea mfuko. Alitazama kule dukani, ambako mlango ulikuwa umejaa migongo ya watu wazima na hakuna mtoto aliyeonekana.

"Ukimsuka," alisema, "usikaze nywele za mbele. Akiumia huyo hatoi sauti. Anatulia tu, na wewe utadhani hajaumia."