Mtu Asiye na Kahawa Yake

Corbin Treloar ni mtu mzuri. Naanza na hilo, maana nikishaingia kwenye mengine sitapata nafasi ya kulisema. Kazi yake ni kubuni programu za simu, amejifungia peke yake kwenye chumba kilicho juu ya duka la baiskeli hapa Brunswick, na kwa miaka sita amekunywa kahawa kwetu kila asubuhi. Kwetu ni mkahawani kwa Mama Despina, na mpika kahawa ni mimi, Merryn.

Sasa, mimi nina mtindo wangu, na si wangu tu, mtaa mzima ndivyo tunavyofanya. Mteja nikimwona dirishani anashuka kwenye tramu, ile treni ya barabarani, naanza kahawa yake. Akifika mlangoni, yake iko kaunta. Hakuna kuulizana. Gavan, fundi bomba, anapata nyeusi nzito. Mwalimu wa shule ya pale kona anapata ya maziwa ya lozi. Mtu akianzishiwa kahawa kabla hajafungua mdomo, basi huyo ni wa nyumbani, na siku hiyo hata bosi wake hamtishi.

Corbin hakuwahi kuanzishiwa. Miaka sita! Na wa kulaumiwa ni yeye mwenyewe, kwa sababu kila siku anajifanya profesa wa kahawa. Leo ya kuchuja, kesho ya baridi, keshokutwa robo tatu ya kikombe na maziwa ya vuguvugu, halafu anauliza buni imetoka mlima gani, upande upi. Nami nifanyeje? Namuuliza, "Leo unakunywa nini, Corbin?" Na kila nikimuuliza anaweka uso wa mtu aliyenyimwa kadi ya harusi ya dada yake.

Siku moja uvumilivu ukamwisha.

"Merryn, mbona yangu huianzi?"

"Nianze ipi, kaka?"

"Gavan unamjua, mimi hunijui?"

"Gavan ana kahawa. Wewe una kamusi nzima."

Gavan alicheka mpaka akapaliwa. Corbin masikio yakawa mekundu, akatoka bila hata kuulizia buni, na wiki tatu hatukumtia machoni.

Aliporudi, alirudi na programu. Kamtengenezea Mama Despina bure, eti zawadi. Mteja anaagiza akiwa bado kwenye tramu, karatasi inatoka kwenye printa, kahawa inapikwa, anapita anaichukua. Basi akasimama mbele yetu kidole kikiteleza kwenye simu, anaeleza. Lo! Maswali kumi na tisa kabla ya kikombe kimoja. Joto la maziwa kwa digrii. Unene wa povu. Mpaka moyo wako umeamkaje asubuhi hiyo.

"Mwanangu," Mama Despina akamwambia, "watu wanakuja kunywa kahawa, hawaji kuungama."

"Wanajibu mara moja tu, Mama. Ukishazoea kinywaji kimoja, kinatokea kitufe, 'Kahawa Yangu'. Unabonyeza, basi. Wateja wenu wa kila siku nimeshawajazia mwenyewe." Na kweli alikuwa amewajazia, mmoja mmoja, bila kukosea hata kijiko cha sukari. Kumbe miaka sita alikuwa amesimama pale akisikiliza kahawa za wenzake. "Simu haimsahau mtu," akamalizia, akinitazama mimi.

Hapo nikaelewa. Mtu mzima na ndevu zake kakaa wiki tatu anaunda mashine ya kutambua watu kwa sababu mimi sikumtambua. Nilitaka kucheka, nikaishia kufuta kaunta.

Jumatatu tukaijaribu. Wateja wakaagiza wakiwa kwenye tramu kama walivyoelekezwa, Mama Despina akasoma karatasi, akapika. Tatizo ni kwamba mimi nina macho. Namwona Gavan anavuka barabara, mikono ishaanza. Corbin alinikataza mara nne, na mara nne niliapa sitarudia. Haikuchukua muda kaunta ikawa na vikombe thelathini vya watu kumi na tano. Na wateja wenyewe, badala ya kuchukua na kwenda zao, wakapanga foleni mpaka nje, kila mmoja anangoja kwa adabu zamu yake ya kuja kuniambia kwamba ameshaagiza.

"Nimeagiza kwa simu, Merryn," Gavan akasema.

"Najua. Hii hapa. Na hii nyingine."

"Mbona mbili?"

"Moja ya simu, moja nimeianza mwenyewe."

"Nipe ya kwako."

Akaiacha ile ya simu ipoe. Aliyemfuata akasema vilevile, na aliyemfuata huyo. Corbin yuko pembeni na daftari lake, haandiki kitu.

Mama Despina akamwonea huruma. "Na yako iko wapi, mwanangu? Hebu bonyeza nikupikie."

Akabonyeza. Mama haoni vizuri, kila kitu anakisoma kwa sauti, hata bei za sokoni. Akaishika ile simu, akasoma duka zima likisikia: "Bado hatujakufahamu. Tafadhali jibu maswali kumi na tisa."

Maneno aliyaandika Corbin mwenyewe. Wote aliwajazia, ya kwake hakujua aandike nini. Hakuna aliyecheka, hata Gavan. Mama Despina alichomoa waya wa printa.

Kesho yake nilimwona ng'ambo ya barabara. Taa ya kuvukia imewaka mara mbili, hasogei. Nilijua anachoogopa: akiingia nitamuuliza tena, mbele za watu. Nikashika kikombe. Nianze ipi, jamani? Nikapika iliyonijia kichwani, ya maziwa, ya kawaida kabisa, sukari kijiko kimoja. Nikagonga kioo nikamwonyesha.

Alivuka mbio.

"Hii ni nini?"

"Yako."

"Lakini mimi sukari sitii..."

"Corbin. Ni yako."

Akaichukua kwa mikono miwili.

Huu ni mwezi wa saba tangu siku ile. Kila asubuhi naianza akiwa bado ng'ambo, na kila asubuhi anakunja uso kwenye funda la kwanza kama mtoto anayenyweshwa dawa ya minyoo, halafu anaimaliza yote. Haipendi, naona. Hajasema, nami simuulizi.